Vidole Vielekee Kibla

Kwetu Garsen kibla si neno la msikitini tu. Ukimuuliza mtu njia ya kwenda Wenje, atakuambia fuata mto uelekee kibla. Ng'ombe akipotea, utaulizwa kapotelea upande wa kibla au upande wa bahari. Hata mafuriko yanatoka kibla. Ukiona maji ya Tana yamekuwa mekundu, ujue mvua imepiga huko juu. Kaskazini ni neno la shuleni, mimi nimelijua ukubwani. Ndiyo maana kosa lililotupata mimi na yule Muorma, katika hospitali ya jeshi huko Malaya, lingeweza kuwapata watu wa huku kwetu tu. Mtu wa kwingine nikimsimulia hucheka. Na acheke, mimi sijawahi kuona cha kuchekesha.

Mimi ni Mpokomo. Wazee wangu walikuwa wa juu mtoni, kisha baba akahamia Minjila kufuata ardhi ya mpunga na ndizi. Nilijifunza udresa katika zahanati ya serikali, kazi ya kuosha na kufunga vidonda, na mwanzoni mwa miaka ya hamsini jeshi la Keya lilipotafuta watu nikajiandikisha. Akili yangu ilinituma kwamba nitawekwa Mombasa, nile mshahara karibu na nyumbani. Thubutu! Tulipakiwa melini tukapelekwa Malaya, kuwasaidia Waingereza kupigana na watu wa msituni ambao hawajawahi kutukosea lolote.

Mimi sikushika bunduki. Niliwekwa hospitali, majengo marefu ya mbao na mabati juu ya kilima, yenye baraza pande zote. Upande mmoja kulikuwa na wodi za askari majeruhi, na yetu sisi Waafrika ilikuwa ya mwisho kabisa, jirani na dobi, nyumba ya kufulia nguo. Upande wa pili ilikuwa wodi ya familia, ambamo wake wa askari wa Kizungu walijifungulia na watoto wao walitibiwa surua na homa. Basi ulikuwa ukimshika mtu mkono anakata roho, huku unasikia kichanga kinalia mara yake ya kwanza duniani. Upepo ulileta harufu ya vidonda vilivyooza na ya poda ya watoto kwa pamoja. Watu husema mtu huzoea, lakini mpaka leo wajukuu wangu wakipakwa poda mimi hutoka nje.

Yule Muorma nilimsikia kabla sijamwona. Machela ilikuwa bado iko barazani, naye anatukana kwa Kiorma, matusi yale yale niliyokuwa nikiyasikia utotoni ng'ombe wao wakifukuzwa katika mpunga wetu. Nikamwambia kwa Kiorma changu kibovu kwamba humu ndani kuna watu wenye mama zao, apunguze. Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Nimekuja mpaka mwisho wa dunia," akasema, "nije kuuguzwa na mla samaki."

Nikamjibu kwamba samaki hawajawahi kukanyaga shamba la mtu. Akacheka huku meno yanagongana kwa homa. Tulipoulizana ya nyumbani, kumbe ng'ombe wao walikuwa wakinywa maji chini ya shamba la baba. Mama yake nilimjua, yule mwanamke mrefu aliyekuwa akituletea samli na maziwa, asiyekaa kitini hata umkaribishe vipi. Toka siku hiyo akawa wangu. Ugomvi wa nyumbani ukihamia ugenini huwa udugu.

Alikuwa amekanyaga mtego. Watu wa msituni walichonga mianzi ikawa mikali kama mkuki, wakaisimika shimoni na kuifunika majani. Mwanzi ulipenya kiatu ukatokeza juu ya unyayo. Wenzake walimbeba siku nyingi matopeni, na alipotufikia mguu wa kulia ulikuwa umeshaingia donda ndugu, mweusi hadi juu ya kifundo. Sisi sote ni weusi, lakini weusi ule ulikuwa mwingine. Daktari, Mzungu meja asiyejua Kiswahili, alisema ukatwe siku hiyo hiyo chini ya goti, ama sumu itapanda imuue. Mimi ndiye niliyetafsiri.

Akakataa. Alisema Muorma wa mguu mmoja atafuata ng'ombe kwa nini, kwa ulimi? Nilikaa naye mchana kutwa nikimbembeleza. Nilimwambia mtu hai hata akikaa mlangoni ng'ombe wake hurudi jioni, lakini maiti huchukuliwa ng'ombe na ndugu. Hilo lilimwingia. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: mguu ukishakatwa, unapelekwa wapi?

Nilijua unapelekwa wapi. Nyuma ya dobi palikuwa na tanuri la kuchomea bandeji, pamba chafu na kila kilichokatwa. Nikamwambia, kwa sababu aliuliza.

"Moto?" akasema. "Mguu wangu una dhambi gani ya kunitangulia motoni? Uzikwe, vidole vielekee kibla. Kama hamwezi, niacheni nife nao."

Hapo ndipo mambo yote yalipokaa. Hakuomba dawa, hakuomba kurudishwa kwao. Alitaka kila kiungo chake kilazwe kikitazama kibla, kama wanavyolazwa watu wa kwao, ili siku ya kufufuliwa asianze kukitafuta.

Nilimpelekea habari sista. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa wodi, mwanamke wa Kizungu mwenye sauti ya sajini. Vitanda vyake vilipangwa kwa kamba, magurudumu yote yakitazama upande mmoja, na ole wako meja akija kukagua akute kitanda kimoja kimetokeza nje ya mstari. Wallahi sikumpenda. Lakini siku ile alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda akamtazama mgonjwa, akarudi na shuka jipya lililokunjwa. Akaniambia nichimbe kina kirefu, na kwamba meja hana haja ya kujua.

Mguu ukakatwa. Niliuosha, nikaukafini kwa lile shuka, nikatafuta mahali nyuma ya dobi ambapo ardhi ni laini. Palikuwa na vigingi vimepigwa na kamba zimefungwa kati yake, nikadhani ni za kuanikia nguo. Nikasimama kama tunavyosimama huku kwetu, maawio ya jua mkono wa kulia, machweo mkono wa kushoto, na mbele ya uso ndiko kibla. Jambo hilo halihitaji shule, mtoto anayechunga mbuzi analijua. Nikalaza mguu, vidole vikaelekea huko. Nikafukia, nikasoma Fatiha. Sijui kama mguu husomewa Fatiha.

Alipozinduka aliniuliza maawio yalikuwa mkono gani. Nikamwambia mkono wa kulia.

"Umefanya vizuri," akasema, akalala.

Kulikucha, maneno yakaanza. Mguu unamuuma. Nikamwambia ndiyo, kidonda lazima kiume. Akasema si kidonda, ni mguu, ule ule niliouzika, vidole vyake vimejipinda na unyayo unawasha. Daktari alinieleza kwamba mishipa ina kumbukumbu, mtu hukatwa kiungo na mwili ukaendelea kukidai. Nilimtafsiria vizuri kabisa. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema daktari hakuwa kaburini, mimi ndiye niliyekuwa kaburini, niseme nimeulazaje.

Nikaapa kwamba nimeulaza sawa. Kesho yake akarudia. Akasema mguu unaangalia kando. Akasema umelala kama ng'ombe aliyevunjika, haujatulia. Mtu yule alikuwa amebebwa msituni bila kutoa chozi, na sasa alikuwa akilia mchana mbele ya wagonjwa wenzake. Mimi nikachoka, nikamfokea. Nilimwambia Waorma tangu lini wamejua kulaza kitu sawa, hata nyumba zenu za mikeka zimepinda. Zamani angenijibu. Safari hii aligeuza uso ukutani.

Na kidonda hakikupona. Sumu ilikuwa imewahi kuruka kisu. Wakamkata tena, juu ya goti, na kipande kile kilikuwa kimeoza hata yeye mwenyewe akasema wafanye wapendavyo. Lakini ule mguu wa kwanza hakuuachilia. Kila nikipita na sinia la bandeji ananiuliza kama nimekwenda kuutazama.

Mtu ataniuliza, ina maana wewe ulikuwa husali? Nilikuwa nikisali. Nilisali chumbani kwangu, maawio mkono wa kulia, kama alivyonifundisha baba, na niliolala nao chumba kimoja walikuwa Wakristo wa bara. Nani angenirekebisha? Ruhusa ya kwenda mjini siku ya Ijumaa nilikuja kuipata baada ya muda mrefu, majeruhi walipopungua. Nilifika msikitini mapema, watu hawajajaa, nikasimama uani kusali rakaa mbili za kuusalimia msikiti. Sikuwahi hata kufunga mikono. Mzee mmoja wa Kimalaya alinijia nyuma, akanishika mabega, akanigeuza polepole kama mtu anayemgeuza mtoto aliyevaa kanzu nyuma mbele. Hatukuwa na lugha moja. Akanyoosha mkono kule jua linakotua, akatamka neno moja ambalo wote wawili tulikuwa nalo, ila yeye aliliongezea t mwishoni. Kiblat.

Nilitaka kubishana. Nilidhani wamepotea, masikini, wanaabudu jua. Halafu watu wakaingia, safu zikajaa, msikiti mzima ukaelekea machweo, na imamu mbele yao. Na mimi, akili ikaanza kunirudi. Meli ilitutoa kwetu ikatupeleka maawioni, siku baada ya siku. Makka tuliiacha nyuma. Ilikuwa imebaki machweoni na mimi nilikuwa nikiitafuta pale pale inapokuwa ukiwa umesimama Minjila. Sala zangu za miezi ile nilimwachia Mwenyezi Mungu, Yeye ni mwingi wa rehema. Lakini mguu nilikuwa nimeachiwa na mtu mwingine.

Uliangalia kando. Alisema hivyo tangu siku ya kwanza, kwa maneno yale yale, na mimi nikamfokea.

Nilirudi hospitali mbio, nikapitiliza hadi dobi kutafuta jembe. Zile kamba hazikuwepo tena. Vigingi havikuwepo. Palikuwa na sakafu ya saruji, pana, mbichi bado, na mafundi wa jeshi wanaipitishia ubao kuisawazisha. Wodi ya familia ilikuwa inaongezwa, kwa sababu wanawake walikuwa wakijifungulia barazani. Nilimwambia koplo wao kwamba chini yake pana kitu changu. Akauliza kitu gani. Nikasema mguu. Akawaita wenzake waje wamsikie huyu.

Sista hakucheka. Alinisikiliza amesimama, akasema hawezi kuamuru sakafu ivunjwe kwa ajili ya mguu, na kwamba jana mwanamke amezaa kwenye kitanda cha machela huku mvua inampiga. Alikuwa na haki. Nilimchukia kwa kuwa na haki.

Ningeweza kumficha yule Muorma. Alikuwa amekonda, shavu limeingia, homa haishuki, na daktari alishaacha kuniambia nimtafsirie chochote. Lakini aliniuliza kama nimekwenda kuutazama, na mimi sikuwa tayari kumwita mwongo mara ya pili. Nikakaa kitandani kwake nikamweleza yote, msikiti, mzee, machweo, saruji. Nilikuwa nikilia, sioni haya kusema. Yeye hakulia. Uso wake ulilegea, kama mtu aliyekuwa akishindana barazani na hatimaye shahidi wake amefika.

"Nilikuambia unaangalia kando," akasema. "Basi, huo umeshapotea. Mimi usinipoteze."

Tokea hapo vita vyangu vikawa na kitanda. Kitanda chake kilisimama kama vingine vyote, kichwa ukutani, miguu katikati ya wodi, na hiyo ilikuwa kumwelekeza maawioni, Makka iko kisogoni. Nilikuwa nikifungua breki za magurudumu nikikizungusha. Sista akipita anakirudisha kwenye mstari. Nikikizungusha tena, anakirudisha tena. Hakuwa akinigombeza, alikuwa anakirudisha tu, kama mtu anayefunga mlango uliofunguliwa na upepo. Meja alikuwa akija kukagua, na katika wodi ya jeshi kitanda kilichopinda ni kosa la mkubwa wa wodi.

Mpaka alasiri moja ya mvua, pumzi ya yule Muorma ilipoanza kukatika. Nilikuwa nimeshika upande mmoja wa kitanda, nguvu zimeniishia, breki moja imekwama. Sista akaja. Nikajua anakuja kukisukuma ukutani. Akainama, akaipiga ile breki teke, akashika upande wa pili, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha vipande vipande, "Wapi?"

Nikamwonyesha. Tukakizungusha pamoja hadi kikaziba njia katikati ya wodi. Nikamlaza ubavu wa kulia, uso machweoni, nikamsomea shahada sikioni, naye midomo ikafuata. Meja alipita mlangoni, akatazama, sista akamtazama vilevile, naye meja akaendelea na safari yake. Ng'ambo ya dobi mtoto alikuwa analia. Mwenzangu alipokata roho mimi nilikuwa nimemshika kichwa ili kisigeuke.

Tulimzika na Wamalaya katika makaburi yao, kwa ruhusa ya jeshi. Yule mzee wa msikitini alishuka mwenyewe mwanandani akamwelekeza. Nilihakikisha, nikahakikisha tena, mpaka wakanitoa.

Nilirudi Garsen mwaka uliofuata. Habari za kifo zilikuwa zimeshafika zamani kwa mdomo wa tarishi wa DC, maneno mafupi: amekufa, amezikwa. Mama yake aliposikia kuna Mpokomo wa Minjila aliyekuwa naye, akaja kwa miguu kutoka malishoni, kibuyu cha maziwa begani. Alikuwa amezeeka ghafla. Mke wangu akamletea kiti, hakukikalia. Akakaa chini uani, miguu ameinyoosha, akaniuliza kwa Kiswahili kile cha wachungaji kama mimi ndiye nilimzika mtoto yake. Nikasema mimi, na wengine. Hakuuliza aliumiaje, wala alikufa akisema nini. Alikuwa na swali moja, na nadhani alilibeba tangu siku ya tarishi.

"Analala kibla?"

Nikasema ndiyo, mama, analala kibla. Akanyoosha mkono kule mto unakotoka, ili awe na hakika. Na mimi, badala ya kuitikia kwa kichwa mambo yakaisha, nikasema huko Malaya kibla si hivyo, huko kibla ni machweoni.

Mkono wake ukabaki hewani.

"Makka imehama?"

Nikajaribu kumweleza. Nikachukua kibuyu chake nikakifanya Makka. Nikaweka kijiwe hapa, hii ndiyo Garsen, nikaweka kingine kule mbali, hiyo ndiyo Malaya, nikachora njia kwa kidole mchangani. Alifuata kidole changu kwa makini, hakuna alichokosa. Kisha akanitazama usoni, akasema Wazungu wamegeuza mtoto yake, na mimi nimewaacha wamgeuze. Alisema bila hasira. Alianza kuinuka, na nilijua akienda hivyo atakufa na jambo hilo kifuani.

Ndipo nikamtajia mguu. Sijui kwa nini, labda kwa kuwa ndilo lililokuwa limebaki. Nikamwambia kwamba mwanzoni alikatwa mguu, tukauzika mbali na mwili, mimi kwa mikono yangu, katika shuka jipya, na wakati huo tulikuwa hatujajua ya machweo.

Akakaa tena.

"Mguu gani?"

"Wa kulia."

"Vidole vinatazama wapi?"

Nikanyoosha mkono kule mto unakotoka. Maawio mkono wa kulia, nikamwambia, kama hapa.

Alifunika macho kwa ncha ya nguo yake. Alipoyafunua uso ulikuwa umelegea, na niliutambua ule ulegevu, niliwahi kuuona.

"Hiyo natosha," akasema. "Siku ya kufufuka, mtu nasimama na mguu ya kulia. Yeye nasimama na hiyo. Mwili nafuata nyuma."

Mimi nilijua mguu ule ndio uliopotea, uko chini ya saruji, na juu yake wanawake wa Kizungu wanazaa. Nilijua mwili ndio uliolazwa sawa. Nilifungua mdomo. Akachukua kibuyu kile nilichokifanya Makka, akakifungua, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Umefanya vizuri," akasema.

Nikanywa.